Mitungi Minne ya Jumamosi

Barua ya kumwita Johana Kiptanui mbele ya wapatanishi haikumfikia nyumbani kama barua za watu wenye heshima zao. Iliachwa kwenye banda la kupimia majani chai, pale Kimulot, mikononi mwa karani wa mizani, na karani huyo Mungu hakumjalia kifua cha kuweka siri. Aliifungua na kuisoma kwa sauti huku watu kama sitini wamepanga foleni na magunia yao. Kwamba mlalamikaji ni Mokeira Nyamwange. Kwamba mlalamikiwa amepanda mikaratusi kando ya chemchemi ya watu wote, na sasa maji yanakauka. Kwamba korti ya Kericho imeona heri majirani wasikilizane kwanza nyumbani, Jumatano ya wiki ijayo, saa nne, papo hapo bandani, na wakishindwa ndipo warudi mbele ya hakimu.

Johana alikuwa wa nne kutoka mbele, na gunia lake la kilo ishirini na moja begani. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Walimpisha tu, wakamwacha apime kwanza, jinsi mtu aliyefiwa anavyopishwa mlangoni. Alipima, akachukua risiti yake, akaenda zake bila kuaga.

Kimulot hakuna anayesema mikaratusi, isipokuwa barua. Watu husema blugamu. Johana alikuwa na blugamu mia tatu na arobaini, zimeshuka mteremko kwa mistari iliyonyooka kutoka mwisho wa chai yake hadi hatua chache kutoka kwenye paipu ya chemchemi. Alizipanda kwa mikono yake mwenyewe, miaka mitano iliyopita, na kila jioni alishuka kuzitazama. Leo zikikatwa ni kuni za kiwanda. Zikiachwa miaka miwili zaidi ni posti za stima, zile nguzo za umeme, na posti moja ina bei ya miti minane ya kuni. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea angeielewa, na Johana aliipa jina kabisa: aliiita Fancy. Fancy alikuwa binti yake wa pekee, mwaka wa kwanza katika chuo cha uuguzi huko Bomet. Mwaka huu bonasi ya chai ilikuwa imembeba. Mwaka wa pili wangejikaza. Mwaka wa tatu, na ule mtihani wa mwisho wa kupata leseni, ulikuwa umesimama pale mteremkoni, unaota, unanukia dawa ya mafua.

Jioni hiyo alimkuta mkewe Tecla akikamua. Alimweleza barua nzima bila kuketi, kisha akarudia amri aliyokwisha kuitoa tangu manung'uniko ya Mokeira yaanze mwaka uliopita: asionekane mtu wake katika boma lile. Salamu hakuna, kuazimana chumvi hakuna. Tecla aliendelea kukamua. Alimuuliza tu kama ni kweli watatoa uamuzi.

"Hakuna uamuzi," Johana alisema. "Afisa wa maji alikuja mwezi wa tano, akapima, akaandika maji iko sawa. Karatasi ninayo. Na Benard ana neno lake. Moja tu. Akilisema, hiyo kesi imekwisha."

Benard alikuwa binamu yake, mtu wa maneno mengi, kwa hivyo Tecla alishangaa kusikia kwamba safari hii analo moja tu. Hakuuliza ni lipi. Afisa wa maji alikuja kweli mwezi wa tano, mvua ikinyesha hata ng'ombe wamechoka, lakini hilo pia hakulisema.

Sasa, jambo ambalo Johana hakulijua katika nyumba yake mwenyewe lilikuwa hili.

Mokeira, au Mama Sagini kama alivyoitwa na wote, alikuwa Msabato wa kizazi cha zamani. Yeye na marehemu mumewe walitoka upande wa Kisii wakanunua ekari moja na nusu chini ya chemchemi kabla Tecla hajaolewa. Sasa alikuwa amebaki peke yake, na ng'ombe mmoja. Mwanawe Sagini alikuwa akichuma chai katika shamba kubwa karibu na Kericho na huja mwisho wa mwezi. Kwa Mama Sagini, Ijumaa jua likishazama kazi imekwisha hadi Jumamosi jua lizame tena. Hapiki, hapepeti, hateki maji. Maji ya Sabato yote, yake na ya ng'ombe, huyateka Ijumaa mchana, na kwa miaka thelathini hilo halikumsumbua mtu. Paipu ilikuwa ikimwaga maji kama inayagombeza.

Lakini tangu kiangazi cha mwaka juzi foleni ya Ijumaa haikuisha. Wanawake kumi na watano, kila mmoja na punda wake na mitungi minne ya plastiki ya lita ishirini, na paipu inatoa uzi mwembamba kama wa kushonea. Machweo yalimkuta Mama Sagini bado yuko wa tano, wa sita. Wengine walimwambia apite mbele, akakataa, maana kila mtu alikuwa na watoto nyumbani. Jua lilipozama aliinua mitungi yake mitupu, akawatakia Sabato njema, akashuka kwake. Tecla alimwona mara ya kwanza, akamwona mara ya pili. Mara ya tatu hakuweza kuvumilia.

Tangu hapo, kila Jumamosi ya kiangazi, Johana akienda kupeleka maziwa, Tecla alimtoa punda na gunia dogo la mahindi juu ya mitungi. Alisema anakwenda kinuni kusaga, na hakusema uongo, kwani baadaye alisaga kweli. Lakini kwanza alipita chemchemini, akajaza minne, akaipeleka kwa Mama Sagini na kuipanga mlangoni. Hawakuongea sana. Kabla ya amri ya Johana wangekunywa chai pamoja. Baada ya amri, Mama Sagini alikaa ndani na mlango wazi na kusema kutoka humo humo, "Mungu akuone, Mama Fancy," na Tecla akajibu, "Amina," akaondoka haraka, akijihisi mwizi ingawa alikuwa ametoka kutoa.

Na kwa vile mtu akikaa na mtungi chini ya paipu hana la kufanya, Tecla aliimba. Ulikuwa wimbo wa zamani wa beti nne, uliomo katika vitabu vya makanisa yote mawili, la Jumamosi na la Jumapili. Mamake aliuimba chemchemini kwao, naye akauchukua. Ukimaliza beti nne na mtungi haujajaa, unarudi mwanzo. Hakukusudia kupima kitu. Lakini mtu akiimba wimbo mmoja mahali pamoja kwa miaka ishirini na miwili, anajua umefika wapi maji yakigusa shingo ya mtungi. Jumamosi kabla ya Jumatano ya kesi, alifika ubeti wa kumi na moja.

Jumatano lori la majani lilichelewa, kwa hivyo wapatanishi walianza kazi harufu ya majani mabichi ikiwa bado bandani. Mpatanishi alikuwa Madam Chepkosgei, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye miwani ya kamba na sauti iliyowahi kunyamazisha madarasa. Kila upande ulikuwa umechagua mzee mmoja wa kukaa naye: Johana alimchagua Mzee Kipchoge wa kanisa lake, na Mama Sagini alimchagua Mzee Bogonko, fundi wa mawe. Madam alieleza kwamba hakuja kutafuta mshindi. Wakikubaliana, wataandika na kutia saini, na korti itaupa mwafaka huo nguvu ya hukumu. Wasipokubaliana, faili itarudi Kericho, na kule kila mtu atajilipia wakili. Maneno hayo ya mwisho yalisikika vizuri kuliko yote yaliyotangulia.

Viti vilikuwa vichache. Johana, mwenye urefu wa kugusa mabati, alipewa kigoda cha karani, akakaa magoti yamefika kifuani. Mama Sagini alikaa kwenye gunia tupu alilolikunja. Tecla hakupewa mahali pa kukaa kwa sababu alikuwa ndiye wa kumimina chai. Wanaume walikuwa wamekubaliana juu ya hilo kabla yeye hajaulizwa. Alizunguka na birika na vikombe, na kila alipompa Mama Sagini kikombe aliangalia pembeni, kama ilivyotakiwa.

Mama Sagini alizungumza kwanza. Hakusema mengi. Alisema anataka maji, hataki shamba la mtu. Alisema Ijumaa hapati. Ng'ombe wake amepunguza maziwa mpaka kikombe kimoja. Alisema Baba Fancy si mtu mbaya, ila miti yake ina kiu.

Benard alinyanyua mkono. Alitaka kwanza waambiwe kitu kimoja. Mama huyu kwao hasa ni wapi, hata aje kuwafundisha wenyeji miti ya kupanda?

Banda lilinyamaza, na ilikuwa aina ya kunyamaza ambayo watu wa pande zile wanaijua tangu miaka ya fujo za kikabila, na hawaipendi. Mama Sagini aliweka kikombe chini. Mzee Bogonko alitazama mikono yake. Ni Mzee Kipchoge, mzee wa upande wa Johana, aliyejibu kabla Madam hajafungua mdomo.

"Huyu mama nimemzika mzee wake hapa hapa na mikono yangu," alisema. "Kwao ni hapo amezika. Uliza ya maji ama ukae."

Benard alikaa, lakini hakuwa amemaliza. Johana alisoma karatasi ya afisa, Madam akaipokea, akatazama tarehe, akaandika kitu. Kisha Johana akamtazama binamu yake na kumwashiria kwa kichwa, na Benard akasimama tena, sasa kwa utulivu wa mtu aliyeficha karata nzuri.

Aliomba kusimulia alichokiona kwa macho yake. Jumamosi moja kabla ya ile barua, kama saa nne, alipita njia ya chini. Alipofika kwa Mama Sagini akaona mlangoni mitungi minne, imejaa pomoni, maji yanameta. Minne. Sasa, kila mtu hapa anajua Mama Sagini hateki maji siku ya Sabato, na hata mbwa wake haendi mtoni. Kwa hivyo yale maji aliyateka Ijumaa. Na kama Ijumaa alipata mitungi minne, huo ukame anaoulilia uko wapi?

Watu waliguna. Lilikuwa neno zuri, hata waliompenda Mama Sagini waliona ni zuri. Madam alimgeukia.

"Ni ukweli, Mama? Hayo maji yalikuwa hapo?"

"Yalikuwa," Mama Sagini alisema.

"Uliteka Ijumaa?"

Mama Sagini alikunja pindo la leso yake. Mzee Bogonko akamsihi kwa Kigusii, polepole, kisha kwa Kiswahili ili wote wasikie: omong'ina, mama mzee, sema tu. Yeye akalikunjua pindo. Angeweza kusema. Neno moja lingemwokoa yeye na ng'ombe wake, na neno hilo lilikuwa jina la mwanamke aliyesimama hatua mbili kutoka kwake na birika mkononi, mke wa mtu aliyekataza. Alifikiri juu ya Tecla kurudi nyumbani na mume wake jioni hiyo.

"Maji nilipata," alisema. "Zaidi ya hapo siwezi kusema."

"Mama, ukinyamaza, nitaandika vile nimesikia," Madam alimwambia, na hakuwa akimtisha. Alikuwa anamwomba.

Mama Sagini akainamisha kichwa. Madam akachukua kalamu.

Birika lilikuwa zito mkononi mwa Tecla. Tusimpambe, hakuwa mwanamke shujaa. Alikuwa anaogopa mumewe akasirike, na zaidi ya hapo alikuwa akihofia masomo ya Fancy. Alimwona akilini na sare yake nyeupe aliyoipiga picha na kuituma, akiwa amesimama wima kama askari. Miti ile ilikuwa ya Fancy. Ingetosha Tecla aendelee kumimina chai. Hakuna mtu angemlaumu, maana hakuna mtu aliyejua, na yule pekee aliyejua alikuwa amefunga mdomo kwa ajili yake. Hilo ndilo lililomshinda. Kama Mama Sagini angemtaja, labda angekana.

"Usiandike, Madam," alisema. "Hayo maji ni mimi nilipeleka."

Johana hakugeuka.

Tecla aliweka birika chini akaeleza yote, kwa mpangilio mbaya, akirudi nyuma na kuruka mbele, punda, mahindi, kinu, Ijumaa na jua. Madam alimuuliza yeye anayeteka pale, maji yamepungua kwa kiasi gani, na Tecla akasema zamani, Fancy akiwa mgongoni, mtungi ulijaa kabla hajamaliza ubeti wa pili. Mwaka juzi ukawa beti tano. Jumamosi iliyopita, kumi na moja.

Hapo ndipo wanaume walipocheka. Benard alicheka kuliko wote, akauliza kama korti ya Kericho itahitaji kwaya. Tecla alishika aproni yake akatamani ardhi immeze.

Mzee Kipchoge alingoja kicheko kiishe. Kisha akauliza, bila kupandisha sauti, kati ya wanaume waliokaa hapo, nani ameteka maji kwenye ile chemchemi mwaka huu. Hakuna mkono uliopanda. Mwaka uliopita je? Tangu uhuru je? Mzee Bogonko alikohoa. Kitanda usicholalia hujui kunguni wake, na bandani mle walikuwemo wanaume ishirini na mmoja wakitoa ushahidi juu ya kitanda cha wake zao.

Saa nane Madam alisoma walichopendekeza yeye na wazee wawili. Blugamu mia mbili zilizo karibu na maji zikatwe kiangazi hiki na visiki ving'olewe visichipue tena. Mia moja na arobaini za juu zibaki mpaka ziwe posti. Watumiaji wote wa chemchemi, watu wa juu na wa chini, watoe kazi ya siku tatu ya kukata na kung'oa, na wapande miti ya asili mahali pake. Kuni ziwe za Johana. Hakuna faini, wala hakuna aliyeitwa mkosaji.

Mama Sagini alitia alama ya kidole. Johana aliitazama karatasi.

"Siwezi kusaini kitu iliandikwa na bibi yangu," alisema, akainuka kutoka kwenye kile kigoda, ambacho kiliinuka naye kidogo kabla hakijaanguka. Madam alimwambia ana mpaka Jumatatu.

Siku hiyo na iliyofuata Johana alikula kwa ndugu yake. Hakupiga, hakutukana; angetukana, Tecla angepata pa kuanzia. Alikuja kulala tu na kuelekea ukutani. Mursik, yale maziwa ya mgando aliyoyapenda kuliko chakula chochote, Tecla alimwekea katika kibuyu chake, na asubuhi akaikuta haijafunguliwa. Kwa mwanamke wa Kipsigis hakuna tusi la kuzidi hilo.

Alhamisi jioni Johana alileta simu, akampigia Fancy, akaweka spika ili Tecla asikie alipo jikoni. Alimweleza kesi, akamaliza kwa kusema, "Kwa hivyo mshukuru mama yako. Mwaka wa tatu ameumwagia jirani."

Sauti za wasichana wengine zilisikika nyuma ya Fancy.

"Mama," alisema, "Jumamosi hii nani atakusaidia kuinua mitungi?"

Johana alitazama simu. "Wewe ulijua?"

"Disemba nilikuwa nampeleka punda mimi, Baba. Mama mgongo ulikuwa unamuuma." Kisha akasema, kwa sauti ndogo zaidi, kwamba kuhusu shule hajui aseme nini, na kwamba anaogopa, lakini maji yameisha kweli. Johana alikata simu. Katika nyumba ya watu watatu na punda, yeye peke yake ndiye hakujua, na hata punda alijua.

Ijumaa saa kumi na mbili kasorobo wanawake walio kwenye foleni ya chemchemi walimwona mwanamume akishuka kati ya blugamu na mtungi mkononi. Walipomtambua waliacha mazungumzo. Johana alisalimu, akasimama mwisho wa foleni kama mtu anayengoja sindano. Nia yake ilikuwa moja. Alikuwa ameimba kwaya kabla hajaoa, wimbo ule aliujua, na angejaza mtungi mmoja mbele ya mashahidi na kuhesabu mwenyewe. Zikiwa beti tano, au hata sita, Jumatatu angemrudishia Madam karatasi yake bila saini.

Aibu iliwashika wanawake kumwona amesimama nyuma ya watoto. Mmoja baada ya mwingine walimpisha, akasogea, akasogea, mpaka akafika mbele, ambako zamu ilikuwa ya Mama Sagini. Alikuwa na mitungi yake miwili tu siku hiyo. Jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja juu ya ukingo wa chai.

"Teka, Baba Fancy," alisema, akasogeza mitungi yake pembeni.

Johana aliweka mtungi chini ya paipu. Maji yaligonga sehemu ya chini kwa mlio mwembamba. Aligeukia miti yake, akaanza kuimba mdomoni, chini kwa chini. Ubeti wa kwanza, wa pili. Alipofika wa tatu hakuuona. Aliutafuta, ukakataa, akarudia wa pili badala yake, kwa sababu urefu ni uleule, akaendelea na wa nne, akaanza upya. Beti tano. Alichungulia: maji hayakuwa yamefika nusu. Alidhani amekosea, akapunguza mwendo. Saba. Wanawake walitazama kwato za punda wao. Tisa, na jua limegusa chai. Kumi na moja. Aliinama akaushika mtungi, akautikisa, kama ungekuwa unamdanganya. Kumi na mbili, kumi na tatu. Upande wa juu wa mteremko ukawa na kivuli, kivuli kikashuka hadi miguuni mwao, na mtungi wake ulikuwa bado na pengo la vidole vinne.

Mama Sagini aliinua mitungi yake miwili mitupu. Alifunga leso vizuri.

"Sabato njema," aliwaambia wote. Alimtazama Johana pia, bila chuki, jinsi mtu anavyomtazama jirani. "Sabato njema, Baba Fancy."

Akashuka kwake. Mitungi mitupu ilikuwa ikigongana kila hatua, na Johana aliisikia mpaka alipopotelea kwenye kona. Alikuwa amekuja kuuhesabu ukame, akajikuta ameuongeza, tena kwa maji aliyopishwa. Mbele yake zilisimama blugamu mia mbili zenye afya, majani yao yananong'ona, zimekunywa na kushiba. Kwa mara ya kwanza tangu azipande aliona haya kuzitazama.

Tecla alikuwa akisonga ugali alipomsikia akiweka kitu kizito mlangoni. Johana aliingia, akaketi kwenye kiti chake cha siku zote, akachukua kibuyu cha mursik, akakifungua. Alikunywa kidogo. Tecla aliendelea kusonga.

"Kesho punda anatoka saa ngapi?" Johana aliuliza.

"Saa kumi na mbili."

"Nitaenda na yeye mimi. Maziwa peleka wewe."

Tecla alishika mwiko bila kuuzungusha. Alitaka kufurahi, lakini kulikuwa na swali lililokaa kifuani tangu Jumatano, na alijua asipoliuliza sasa hataliuliza kamwe. "Na Fancy?"

Johana aliweka kibuyu magotini. "Mwaka wa pili tutauza yule mtamba wetu," alisema. "Wa tatu sijui, Mama Fancy. Sitakudanganya. Jumatatu nitasaini, na wa tatu sijui."

Tecla hakumdai zaidi. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye unga, akarudi kwenye ugali kabla haujashika chini. Johana aliusogeza mguu wake karibu na moto. Alikaa hivyo kwa muda, akikizungusha kibuyu mikononi.

"Ubeti wa tatu unaanza aje?" aliuliza. "Nimeimba wa pili mara mbili mbili mpaka jua likazama."

Tecla hakumwambia. Alianza kuuimba tu, polepole, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria, naye Johana akaudaka kwenye mstari wa pili.